Mataji Nyuma ya Kitunguu Saumu

KITUO KIDOGO CHA POLISI, BORSICA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Petraq Nasto
Umri: Miaka 43
Dini: Mkristo, wa Pasaka na harusi
Elimu: Darasa la saba. La nane nililiona kwa dirisha.
Kazi: Nyumba ya wageni, teksi, pombe ya raki ya kupika nyumbani, na lolote linalojitokeza
Makazi: Borsica, nyumba ya mawe juu ya kisima

Yameandikwa tarehe 16 Juni 2023, kuanzia saa tatu asubuhi, na Sajenti Ardita Kume.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Afande kaniambia nianze mwanzo na mizaha niiache nje. Nitajaribu. Mizaha nimezaliwa nayo kama pua.

Nyumba ninayokaa niliinunua mwaka 2016 kwa Bibi Evdhoksi Ballauri, mjane, sasa ana miaka 81. Paa lilikuwa linavuja, hakuliweza tena. Alihamia kwenye chumba kidogo ng'ambo ya ua, yeye na cherehani yake. Ua ni mmoja, kisima ni kimoja. Dirisha lake linatazama jikoni kwangu.

Habari ya mataji kila mtu Borsica anaijua, lakini afande anasema iandikwe. Kanisa la hapa lilikuwa na mataji mawili ya fedha. Padri alikuwa anawavisha maharusi, mmoja huku, mmoja huku. Kila aliyeoa hapa zamani alivishwa hayo. Mwaka 1967 chama tawala kikapiga marufuku dini, vijana wakaja na lori kusomba vitu vya kanisa. Mataji hayakuonekana. Mshika funguo alikuwa Mzee Thimaq, mume wa Bibi Evdhoksi. Akaulizwa, akasema hajui. Akapigwa, akasema hajui. Vuli hiyohiyo alimletea mkewe cherehani. Watu wakajumlisha: kayauza. Baadaye alipelekwa machimboni kama mfungwa, akafia huko.

Tangu hapo Bibi Evdhoksi anaitwa Cherehani. Magauni ya harusi ya kijiji hiki kayashona yeye, karibu yote. Lakini Alhamisi ya harusi, wanawake wanapokusanyika kukanda unga wa mkate wa maharusi, yeye haitwi. Gauni la mke wangu Vasilika alilishona yeye. Mama yangu hakumwita kwenye unga. Mimi nilikuwepo na mkate niliula. Sikuuliza.

Sasa nieleze biashara yangu. Hapa ndipo uso unapoanza kuniwaka.

Nyumba ya zamani ina kuta nene. Wageni wa nje wanapenda kuta nene, wanapenda kufikiri kuna kitu ndani. Mwaka 2020 Mjerumani mmoja aliniuliza, "Petraq, hujawahi kukuta kitu ukutani?" Nilikuwa sijawahi kukuta hata panya. Nikamwambia, "Bwana, nyumba hii kila ukigusa inatapika historia." Wiki iliyofuata nilikwenda mjini Korça, kwenye soko la vitu vikuukuu, nikanunua kinu kibovu cha kusagia kahawa, nikachimba tundu, nikakitia, nikaziba kwa jipsamu ya dukani, nikapaka masizi. Yule Mjerumani akarudi na mkewe, nikawapa tindo na nyundo. Walipokikuta, mke alilia. Mimi pia nikajikamua machozi kidogo.

Basi ikawa kazi. Kila Jumamosi wageni wananilipa wanibomolee nyumba. Nilifikiri duniani hakuna mtu mwerevu kama mimi. Nimezika kiko, kengele ya kondoo, miwani isiyo na kioo kimoja, kisu, na picha ya bibi harusi ambaye hata mimi simjui. Mgeni akitaka kuondoka na kitu, namuuzia, naapa ni cha babu. Kijiji kizima kinajua. Nusu ya vitu hivyo nilinunua kwao.

Mnamo tarehe 10 Juni 2023, Jumamosi, saa nne asubuhi, nilikuwa jikoni na wageni wawili kutoka Poland, Bwana Zbigniew na mkewe. Nilikuwa nimezika kopo la tumbaku lenye sarafu za Kitaliano upande wa kulia wa tanuri la mkate. Alama yangu huwa ni shada la kitunguu saumu. Ninalitundika pale pale, halafu najifanya nasikiliza ukuta, nasema, "Hebu piga hapo, nyuma ya kitunguu saumu." Asubuhi ile Vasilika alikuwa amepika, akalirudisha shada kwenye msumari wa upande wa kushoto. Sikuangalia.

Bwana Zbigniew akapiga. Ukuta haukutoka kama kawaida. Jipsamu yangu huwa inaanguka kama biskuti. Huu ulikuwa mgumu, ukatoka kwa vipande, na ndani ya vipande nikaona nywele. Chokaa ya kuchanganywa na nywele za mbuzi, kama walivyopaka wazee. Nikaanza kumwambia aache, ananiharibia nyumba. Tindo likagonga bati.

Lilikuwa debe la jibini, mfuniko umechomelewa kote. Tulilifungua kwa kisu. Ndani ngozi ya kondoo. Ndani ya ngozi mataji mawili, meusi kama sufuria, na nilipofuta kwa kidole ikatoka fedha.

Bwana Zbigniew alicheza, akapiga picha, akaniuliza bei. Mimi nilikuwa nimekaa chini. Vasilika akasema, "Umelewa?" Nikamwambia, "Mke wangu, hiki sikukiweka mimi." Akasema, "Petraq, wageni wanasikia." Nikasema, "Wasikie. Sikukiweka mimi."

Sikuuza. Nataka hilo liandikwe, maana mengine hayanisaidii.

Nililivusha debe uani mpaka kwa Bibi Evdhoksi. Alikuwa anashona. Nikayaweka mataji mezani, juu ya vitambaa. Aliyatazama bila kuyagusa. Nikamuuliza, "Bibi, ndiyo yenyewe?"

Akasema, "Nitajuaje, mwanangu? Siku yangu nilivishwa, lakini bibi harusi wa wakati wetu haangalii juu. Nilikuwa na miaka kumi na minane, macho chini tangu kwa baba mpaka kwa mume. Niliona viatu vya padri. Vilikuwa na tope."

Halafu akaligusa moja, kwa kidole kimoja. Akasema, "Mume wangu aliniambia cherehani kabadilishana na rafiki yake Korça, kwa viazi. Sikumuuliza viazi vingapi. Petraq, hata mimi niliamini kayauza. Kila nikikanyaga hii pedali nilijua nakanyaga kanisa. Alipopelekwa machimboni sikumbusu vizuri, kwa hasira."

Nikasema, "Bibi, sasa imekwisha. Njoo mkahawani. Watu wote wapo. Waone." Alisema nitangulie, anataka kupiga pasi kitambaa chake cha kichwa.

Saa sita kasoro niliingia mkahawani kwa Koço na debe mkononi. Nikapiga kelele, "Jamani, nimeyapata mataji ya kanisa! Yalikuwa ukutani kwangu!"

Koço mwenyewe ndiye aliyeanza. "Haa, Petraq kapanda cheo! Jana vinu vya kahawa, leo mataji!"

Mzee Stavri akauliza, "Umeyatoa kwa nani pale Korça, kwa yule kipara au yule wa kofia?"

Nikasema, "Mzee wangu, nakuapia kwa kaburi la baba yangu."

"Baba yako yule pale anacheza domino."

Baba akainua mkono. Mkahawa mzima ukaangua kicheko. Wazee wawili waliooa zamani kanisani wakayashika. Mmoja akasema ndiyo yenyewe. Mwingine akasema ya zamani yalikuwa makubwa zaidi. Wa kwanza akamwambia, "Kichwa chako ndicho kilikuwa kidogo." Wakaanza kugombana.

Ndipo Koço akasema, "Sasa tuambie, Cherehani kakupa nini ili umsafishie mumewe jina? Kakushonea suruali?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Afande aandike hivyo hivyo: na mimi nilicheka. Si kwamba ilinichekesha. Mdomo umezoea, mtu akitupa mzaha naudaka. Nilipogeuka, Bibi Evdhoksi alikuwa mlangoni, kitambaa kimepigwa pasi. Aliniona meno. Akageuka akarudi alikotoka, taratibu, maana kile kilima cha kupandia nyumbani kinamsumbua.

Nilimfuata. Nilimkuta amekaa kitandani na kitambaa bado kichwani. Nikasema, "Bibi, nisamehe, wale ni wapumbavu." Hakuwataja kabisa wale. Akasema, "Petraq, mwanangu, niambie jambo moja. Hukuyaweka wewe?"

Nikasema, "Bibi!"

"Nakuuliza tu. Labda ulinionea huruma. Mtu anaweza kufanya hivyo kwa huruma."

Nikaapa kwa Mungu. Nikaapa kwa watoto wangu. Nilipiga magoti, na mimi magoti yangu ni mabovu. Akasema, "Kila Jumamosi nakusikia kwa hili dirisha. Hata wale Wapolandi uliwaapia."

Mtu alikaa miaka yote akidhani mumewe mwizi. Siku moja, saa nne asubuhi, akaambiwa si mwizi. Saa sita akawa hajui tena. Na kilichomzuia kujua si chama wala padri. Ni mimi na jipsamu yangu.

Ile picha ya Bwana Zbigniew ilikwenda kwenye simu za watu. Tarehe 14 Juni polisi walikuja wakachukua mataji, sijui nani aliwaambia kwamba mimi na Bibi tulipanga uongo. Bibi Evdhoksi aliletwa hapa kuhojiwa, akakaa kwenye benchi lile pale. Alipotoka nilikuwa nje na gari. Miaka saba namchukua, anakaa mbele, anashika redio, ananilaumu ninavyoendesha, na sijawahi kumtoza. Siku ile alifungua mlango wa nyuma, akakaa kama abiria. Tulipofika akaniuliza nauli.

Kwa hiyo nimekuja mwenyewe. Sikuitwa.

Nasema hivi. Vitu vyote vilivyotoka kwenye kuta zangu tangu mwaka 2020 mpaka kabla ya tarehe 10 Juni nilivizika mimi kwa mikono yangu, na nimewadanganya wageni wote. Kopo la sarafu bado liko kulia kwa tanuri, polisi waje walitoe. Watazame kila tundu nililochimba: wataona jipsamu, maana mimi ni mvivu, chokaa inataka kuloweshwa miezi na sina subira hiyo. Kisha watazame tundu la kushoto. Vipande nimeviacha sakafuni na nimemkataza Vasilika kufagia. Wavipeleke kwa wataalamu. Mimi sijui kuchanganya nywele za mbuzi na chokaa, na hata ningejua, nisingeweza kuipa miaka.

Bibi Evdhoksi Ballauri hakujua lolote kuhusu debe lile. Hakunilipa, hakuniomba, hakunituma. Mumewe hakumwambia, nadhani ili wakimpiga na yeye asiwe na la kusema. Katika biashara yangu ya uongo hakuwa na mkono hata siku moja, kosa lake ni kuwa na dirisha.

Kama ni kushtakiwa kwa kuwadanganya wageni, nishtakiwe. Wageni hawatakuja tena, hilo najua, nitauza raki. Ninaomba maelezo haya yasomwe mkahawani kwa Koço, watu wote wakiwepo, na mimi nikiwepo, nikiwa nimesimama. Sitajibu mzaha wowote.

Niliyokuwa nayo ndiyo hayo, na safari hii hakuna nililozika. Haya ni maelezo yangu.

Sahihi ya shahidi: P. Nasto

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekubali ni sahihi. Kabla ya kutia sahihi aliomba nimsomee tena sehemu isemayo Bi. Evdhoksi hakujua lolote. Nilimsomea. Akaomba tena. Nilimsomea. Nimemweleza kwamba anaweza kushtakiwa kwa udanganyifu, akasema ameelewa. Kusoma maelezo mkahawani si kazi ya polisi, amepewa nakala.

Mataji na vipande vya ukuta vitapelekwa kwa wataalamu Tirana. Majibu hayajulikani yatatoka lini.

Siku hiyohiyo saa nane mchana nilikwenda kukagua matundu. Nilimkuta shahidi uani, amesimama chini ya dirisha la Bi. Evdhoksi, anasoma nakala yake kwa sauti, neno moja moja, kidole kwenye karatasi. Alipofika pale anapocheka mkahawani alikwama. Kutoka ndani nilimsikia Bi. Evdhoksi akisema, "Endelea, Petraq. Na paza sauti, kwa Koço hawasikii."

Sajenti A. Kume