Pazia la Njano

Jumatano, Tegeta

Kumbe ni pazia! Miaka mitatu ya utafiti, halafu leo tumeangushwa na pazia la njano.

Ndiyo mara ya kwanza kifaa chetu kutoka maabara. Tulikipeleka zahanati moja huku Boko. Kinapiga picha ngozi ya kichanga na kusema kama ana ugonjwa wa manjano. Wodini kulikuwa na vichanga watano, jua linapenya kwenye pazia, na kifaa kikasema wote wana manjano. Mwenzangu Baraka akajipima mkono. Naye ana manjano.

"Hongera, umezaliwa upya," nikamwambia. Hakucheka. Ijumaa tunamwonyesha mwekezaji, na Baraka ameshamwandikia kwamba kifaa kiko tayari kwa soko.

Bi Halima, muuguzi wa siku nyingi, akafungua pazia. Akapita kwa kila mtoto, akimbonyeza paji la uso kwa kidole gumba na kuinama kutazama rangi. Kwa wa nne akakawia sana. "Huyu aende hospitali sasa hivi."

Nikaanza kufungasha. "Samahani, Bi Halima. Naona wewe hutuhitaji."

Akasubiri Baraka atoke.

"Mwanangu, mie nina mtoto wa jicho. Hapa hawajui. Mwezi uliopita kuna kichanga nilisema yuko salama, na hakuwa salama. Hicho kitu kitengenezeni vizuri, tena haraka."

Nimemwambia Baraka Ijumaa hatuendi kwa mwekezaji. Ameniuliza kama nimechanganyikiwa. Sababu sijamwambia.