Epua: Kadi ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika hata kalamu inatoboa karatasi. Wiki tatu nimehangaika na herufi E ya kamusi yetu, leo Mhariri Mkuu kanirudishia kadi niliyoandikia maana ya "epua" — imekatwa kwa wino mwekundu toka juu hadi chini! Badala yake kaandika: kuondoa chungu motoni baada ya chakula kuiva. Baada ya kuiva! Mtu huyu hajawahi kushika sufuria ya moto maishani mwake. Nikamuuliza, maji ya kuoga je, nayo huwa yanaiva? Akasema hiyo ni lugha ya jikoni. Kitenzi cha jikoni alitaka kiseme lugha ya wapi, ya gereji?

Jumanne, 4 Machi

Kadi ile ni ya Mama. Miaka kumi na tisa alipika katika jiko la ofisi hii hii, na Mhariri Mkuu alikuwa haachi kuomba aongezewe. Mwezi uliopita nilimrekodi akiwa kitandani, kifua kinambana. Alisema unaepua chochote kilicho motoni, kimeiva au hakijaiva: nyama ikianza kushika chini, unaepua, unaongeza maji, unairudisha. Nikayaandika kwenye kadi, na jina lake kamili chini. Kadi ikikubaliwa, jina linaingia kwenye orodha ya wasemaji mwisho wa kitabu. Kila jioni ananiuliza kama wameshaliandika. Leo nimemdanganya. Nimesema bado wanapanga.

Jumatano, 5 Machi

Sasa kaja na asili ya neno! Bwana mkubwa anadai "epua" limetoka kwa "epa" — eti chungu kinaukwepa moto. Nikamwambia mkia huo wa -ua mara nyingi hugeuza maana kuwa kinyume, kama ziba na zibua, lakini epua si kinyume cha epa hata kidogo. Na wanaosema "ipua", marehemu bibi akiwa mmoja wao? Kama asili hatuijui, tuandike hatuijui. Aibu ni kubuni.

Nilipomsimulia Mama alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie mimi moto sijaukwepa hata siku moja."

Alhamisi, 6 Machi

Herufi E inafungwa kesho saa sita mchana. Mhariri Mkuu anasema mpishi si chanzo cha kuandikwa kwenye kamusi. Nimebamiza mlango. Basi.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika haraka. Mhudumu wa chai yuko likizo, kwa hiyo Mhariri Mkuu kajipikia mwenyewe uji wake wa vidonda vya tumbo. Kaubandika, kisha kasimama mlangoni na simu. Mimi nilikuwa naosha kikombe. Uji ukaanza kupanda.

"Epua, epua, utamwagika!"

Nikamuuliza kama umeiva.

"Bado mbichi, wewe epua tu!"

Nikaepua. Nikafuta mikono, nikatoa kadi tupu mfukoni, nikaandika maneno yake kama yalivyo, tarehe, na jina lake. Akakata simu. Akautazama uji, akaitazama kadi. Nikamwambia chanzo sasa tunacho, ila yeye atakuwa wa pili. Wa kwanza ni Mama. Alinyoosha mkono tu, nikampa kadi zote mbili, ya Mama na yake.

Yuko nazo ofisini kwake, mlango wazi, namwona kutoka hapa nilipokaa. Kalamu nyekundu iko mkononi. Hajaifungua bado. Saa sita kasoro dakika nane.