Rubani Wetu, Ndege Yako Imesimama

Ni mwaka mmoja sasa tangu ufunike kopo la rangi ya kijani, useme, "Ikikauka naipiga mkono wa pili," kisha uende kazini usirudi. Rangi imekauka, Baba Breki. Imekauka hadi ikatuchoka.

Moyo wako, uliouvumilia ulimi wangu miaka yote hiyo bila kulalamika, ulisimama ukiwa kwenye kiti chako cha kazi, na taya la plasta la kupimia meno mkononi. Wenzako walisema hukuangusha hata kifaa kimoja. Nikawaambia huyo ndiye yeye. Angeangusha kitu, angefufuka akiokote.

Mtaa mzima ulikuita Rubani, nawe uliitika bila haya, mtu ambaye ukipanda kiti kubadilisha taa ulimwita mkeo aje ashike miguu yote, ya kiti na ya kwako. Hukuwahi kupanda ndege. Lakini ndege za plastiki, ulizoziunga mwenyewe, zilijaa kwetu kama nzige: juu ya friji, juu ya kabati la vyombo, kwenye dirisha la bafu. Vifaru vilipanga foleni kando ya televisheni. Deraya moja uliiweka ilinde kopo la sukari, na sisimizi wakaipita kama haipo. Wageni wakiniuliza kama mume wangu ni mwanajeshi, nilijibu, "Mkuu wa majeshi kabisa. Ila vita vyake havivuki sebule."

Nililalamika kwamba nimeolewa ukewenza na plastiki. Hukukataa. Ulisema tu, "Lakini mwenzio hanuni."

Riziki yako ilikuwa meno ya bandia, na ndiyo yaliyotukutanisha. Kreti la soda lilinidondokea usoni nikishusha mzigo, nikaja pale kwenu nimeziba mdomo kwa kanga. Ukasema, "Cheka nione." Nikakuuliza nicheke nini na pengo kama mlango wa gereji. Ukajibu, "Basi cheka hilo hilo pengo." Nikacheka, ukapima, na kazi ikaisha hapo, ya jino na ya moyo.

Jino ulilonitengenezea halikuwa jeupe. Ulilipaka umanjano kidogo, ukaliwekea na kivuli cha chai pembeni, ili lifanane na majirani zake. Nilitaka kukasirika. Ukaniambia, "Jino jeupe pee ni la tangazo. Ukicheka, nataka watu wakuone wewe." Nililivaa mpaka likachakaa ukanitengenezea jingine, na lile la kwanza hukulitupa. Waume wengine huweka picha ya mke kwenye pochi. Wewe uliweka jino langu kwenye kopo la brashi zako, nami nikahesabu hiyo kuwa barua ya mapenzi, maana nyingine hukuniandikia.

Ndege zako nazo ulizifanyia vivyo hivyo. Ukimaliza kuzipaka zikapendeza, ndipo ulipoanza kuzichafua. Ulisaga risasi ya penseli ukapaka masizi nyuma ya injini. Udongo wa magurudumu ya vifaru uliuchunga kwa chujio langu la chai, nikawa nakunywa chai yenye mchanga na kudhani ni majani mabaya. "Ndege ya jeshi inayong'aa ni ya gwaride," ulisema. "Hii imefanya kazi. Lazima ionekane imechoka." Binti yako akikusikia alisema, "Basi mpake na mama masizi." Nawe ukamwangalia kwa huruma: "Mama yako hahitaji. Yeye ni wa kweli."

Tulikucheka, lakini tulikuheshimu. Mikono yako ilikuwa haina haraka. Ulikata kila kipande kwenye fremu yake kwa kikata kucha, ukakipiga msasa, ukakiosha kwa sabuni kama mtoto mchanga, ukakianika. Rangi ulipiga mikono mingi, myembamba, na kila mkono uliungoja ukauke huku ukipiga mluzi wa wimbo ambao hakuna aliyewahi kuutambua.

Na ndani! Kabla ya kuunganisha nusu mbili za kiwiliwili cha ndege, ulipaka viti, ukakata karatasi ya fedha ya pakiti ya chai ukatengeneza mikanda ya marubani, ukachora saa na vishale kwa ncha ya sindano. Kisha ukagundisha nusu hizo, ukafunga kila kitu gizani. Nilikuuliza kila mara, "Sasa huko ndani nani ataona?" Nawe hukuinua hata kichwa: "Mwenye kutaka kuona ataona." Mimi nikitoka hapo najisemea, huyu mume nimepewa na nani?

Lakini soko lilipoungua, na meza yangu ya mitumba ikawa majivu, watu walikuja na pole za kila aina. Wewe hukunipa pole. Uliniketisha mezani pako, ukanipa bawa na kipande cha msasa. "Sugua taratibu," ukasema, "usiangalie pembeni." Nikasugua. Nikasugua mpaka bawa likawa jembamba kama ukucha. Ukalichukua kimyakimya, ukaliweka kando, ukaniletea jingine. Nilipomaliza la pili nikasimama nikaenda kutafuta mzigo mpya. Hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo kuhusu moto ule.

Sasa nikueleze habari ya ndege uliyoiacha, maana najua ndiyo unayoingoja.

Uliiacha mezani ikiwa nusu mbili, mabawa pembeni, chumba cha rubani kimepakwa tayari. Ndege ya mizigo ya jeshi, ya mapangaboi mawili. Ulikuwa ukimtengenezea jirani yetu Sajenti, aliyekuwa fundi wa ndege kama hiyo ujana wake wote, na ambaye hakuna jioni aliyokuja bila kutusimulia upya: jinsi injini ya kushoto ilivyokohoa, jinsi alivyokuwa akijificha nyuma ya kiti cha rubani kulala, amekumbatia chupa yake nyekundu ya chai isije ikaibiwa. Mimi nilikuwa nakwenda jikoni. Wewe ulikuwa unasikiliza.

Ulipoondoka, mimi niliyetishia maisha yangu yote kuitupa ile meza nje, niliifunika shuka safi nikamkataza kila mtu kuigusa. Mdogo wako alipoegemeza kiwiko alitolewa kwa mwiko. Nilijua tukianza kuimalizia, na kazi yako ya mwisho itakuwa imekwisha. Sajenti naye, muungwana, hakuiulizia hata siku moja.

Mpaka siku alipokuja kunijulia hali akalisalimia koti lako lililoning'inia mlangoni. "Shikamoo... ah, kumbe ni koti." Akacheka yeye, sikucheka mimi. Nikamketisha. Akasema, "Presha ya macho, Mama Breki. Pembeni kote kumefungwa. Naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Na daktari anasema kitasa nacho kinafungwa."

Breki, binti yako, ambaye kama unavyojua alipewa jina hilo kwa sababu hana, akaweka kikombe chini. "Mama, ile ndege."

"Ile ndege nini?"

"Anaingojea. Unamlindia nani?"

Nikavuta shuka.

Basi tukaunda jeshi. Breki, anayeendesha gari la wagonjwa kama anakimbizwa na mgonjwa mwenyewe, akapewa gundi. Mdogo wako, mpakaji rangi za nyumba, akaja na brashi pana kama ufagio na ndoo. Nikamuuliza, "Shemeji, unapaka ndege au uwanja wa ndege?" Akasema, "Shemeji, mimi napaka kuta, madirisha huwa namwachia mwingine." Tulimpa brashi yako nyembamba kuliko zote. Akaishika kama mtu aliyeshikishwa mjusi. Lakini damu ni damu: mkono wa tatu wa rangi ulipokauka, nilimkuta anapiga mluzi, wimbo ule ule usiojulikana. Nikaenda jikoni kukata vitunguu, maana vilikuwepo na vilihitaji kukatwa.

Tuliziunganisha nusu zile, tukaziba mwanya kwa puti, tukapiga msasa. Stika tulizilowesha kwenye sahani, tukazisukuma mahali pake kwa unyoya wa brashi, moja ikatua kichwa chini na Breki akaigeuza kwa pumzi. Mimi nilipaka masizi nyuma ya injini, ya kushoto zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyokohoa. Tukaja tukabandika magurudumu. Ilikuwa nzuri, Rubani. Tuliiweka mezani, tukarudi nyuma hatua moja, kama ulivyokuwa ukifanya.

Nayo ndege ikainua pua polepole, ikakaa kitako.

Mkia chini, gurudumu la mbele hewani, kama mbwa anayeomba mfupa. Mdogo wako akanong'ona, "Labda inaondoka."

Pua ishibe kwanza! Mara ngapi ulisema? Kabla ya kufunga ndege yenye gurudumu la mbele, ulijaza pua nati na gundi, vinginevyo mkia unaizidi. Ulikuwa ukizitikisa nati mkononi ukisema, "Pua ishibe kwanza, ndipo mlango ufungwe." Tulikumbuka mikanda, tukakumbuka masizi, tukasahau kuilisha pua. Kuifungua ni kuivunja. Breki alilia kwa hasira, akasema tumemharibia mzee ndege yake. Na mzee mwenyewe alikuwa tayari mlangoni, anapapasa fremu.

Tulimpa hivyo hivyo. Tungefanyaje? Aliipokea kwa mikono miwili. Akapitisha vidole kwenye mabawa, akagusa mapangaboi, akanusa, akafika kwenye masizi ya injini ya kushoto akaguna, "Ee, huyu ndiye mgonjwa wangu." Kisha akaiweka mezani, akasogeza uso. Ndege ikakaa kitako mbele yake.

Akaangua kicheko mpaka akashika meza. "Nani aliwaambia?"

"Kutuambia nini, Sajenti? Tumesahau uzito wa pua," nikasema. "Ni makosa yetu."

"Makosa? Ilikuwa ikikaa hivi hivi! Ukiipakia mizigo nyuma kabla ya mbele, inakaa. Siku moja vijana walipakia saruji yote mkiani, marubani wako juu wanakunywa chai. Walishuka na chai masikioni! Ndiyo maana tulikuwa na gogo la kuweka chini ya mkia." Akanyoosha mkono wazi, kama fundi anayedai spana. "Gogo liko wapi?"

Tukaangaliana. Breki akashika kijiti cha kiberiti, kikawa kirefu. Mdogo wako akatoa kifungo, kikawa kifupi. Mimi nikatumbukiza mkono kwenye kopo la brashi zako.

Jino lilitosha, mume wangu. Jino langu la kwanza, lenye umanjano na kivuli cha chai. Nililisukuma chini ya tumbo la ndege pale nyuma, na gurudumu la mbele likashuka, likagusa meza, likatulia. Ndege yako imesimama, na imesimamishwa na kazi ya mikono yako mwenyewe. Sisi tulipeleka tu.

Sajenti akaomba mwanga. Breki akatoa tochi yake ndogo ya kuangalia macho ya wagonjwa, akaielekeza kwenye kidirisha cha mbele. Mzee akakibandikia jicho lake lile lililobakiwa na tundu la kitasa. Na nakuambia, tundu la kitasa na kidirisha cha ndege ile vilikuwa kipimo kimoja.

Akazungusha kichwa huku na huku mpaka nikadhani haoni kitu.

"Viti vile vile," akasema. "Nyuma ya kiti... Mama Breki, hii ni chupa yangu."

Nikachungulia. Nyuma ya kiti cha rubani, ndogo kama punje ya mtama, chupa nyekundu yenye kifuniko cheupe. Hatukuipaka sisi. Hatukujua hata kama ipo. Mimi niliyepanguza vumbi kando yake, Breki aliyetia gundi, sote tuliifungia ndani bila kuiona.

Huko ndani nani ataona? Sajenti ameona.

Sasa ndege iko kwake, na jino pia nimempa, kwa kuwa gogo haliachani na ndege yake. Kitasa kimefungwa, kama daktari alivyosema. Lakini kila jioni huishika mapajani, na mtu akipita humwambia, "Nyuma ya kiti kuna chupa nyekundu. Nimeiona mwenyewe." Mimi nimebaki na jino la pili, na ninalitumia kucheka.

Ile meza haitupwi. Mdogo wako ameanza kifaru. Udongo anauchunga kwa chujio langu jipya.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, mke mdogo baada ya plastiki. Binti yako Breki. Mdogo wako mpakaji rangi, ambaye sasa anamaliza hata madirisha. Sajenti, jirani aliyekuwa ndugu. Mafundi wenzako wa meno. Na wote waliotoka mikononi mwako wakicheka bila kuziba mdomo.

Daima tutakukumbuka, Rubani, kwa yale tuliyoyaona, na kwa yale uliyoyapaka gizani yakamngoja mwenye kuyaona.