Kifo cha Machage Siku ya Mashindano ya Magari

Nyarero,
Tarime.
9 Aprili 1972

Mpendwa mdogo wangu Simioni,

Pokea salamu zangu huko Tanga kwenye mkonge. Kifua chako kinaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili. Mama anaamka, ila anakula kidogo sana. Mvua haijakatika tangu mwezi uliopita, mihogo inaozea ardhini.

Mdogo wangu, jikaze. Kaka yetu Machage hatunaye tena. Alifariki Jumamosi kabla ya Pasaka, tukamzika karibu na baba. Barabara ya kwenda mjini ilikuwa imekatika, ndiyo maana hatukuweza kukupelekea simu ya maandishi.

Siku hiyo yalipita mashindano ya magari kutoka upande wa Sirari. Kijiji kizima tulisimama kando ya mto, mvua inatunyeshea, tutazame. Gari la nne lilizimika katikati ya maji. Dereva akaita, "Wazee, nisaidieni kusukuma!" Machage akaingia na wenzake watatu, pamoja na msaidizi wa dereva, mtu mfupi mwenye miwani. Wakasukuma mpaka gari likapanda ng'ambo, nasi tukapiga vigelegele.

Ghafla maji mengi yakateremka kutoka juu, yamebeba magogo. Wanaume walikuwa bado majini; wakakimbia wakatoka. Yule msaidizi aliteleza, akang'ang'ania jiwe. Machage akamrudia, akamsukumia kwa wenzake wakamvuta. Yeye gogo likampiga kifuani. Tulimpata siku ya tatu, mbali kule chini, kwenye matete.

Dereva hakuendelea na mashindano. Wenzake walimpita wakimrushia tope, wala hakugeuka. Alitafuta pamoja nasi siku zote tatu, akashika jembe kaburini. Regina, mjane wetu, hakumtazama hata mara moja. Simlaumu.

Simioni, kuna jambo sijamwambia mtu. Machage alikuwa ameshatoka majini, anakamua shati lake. Katika zile kelele za watu na maji, mimi ndiye niliyepaza sauti: "Machage, kuna mtu amebaki!" Akanitazama, kisha akarudi. Sasa Regina ananiuliza kila siku, "Nani alimwona yule mtu kwanza?" Nami nasema sijui. Njoo, ndugu yangu. Siwezi kumwambia nikiwa peke yangu.

Watoto wa marehemu, Nyangi na Mniko, wanakuamkia: shikamoo baba mdogo. Msalimie wifi Agustina. Mama anakuombea, Mungu akuvushe salama kila mto njiani.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata katika msiba huu,
Ghati