Nyeke kwenye musalaba ya Kalenga

Mujukuu wangu Ngoie,

Jambo sana kule Lubumbashi. Huku Kamina tuko bazima. Mama yako amevuna mahindi, na magoti yangu inalalamika kidogo.

Unaniuliza neno yetu nyeke, yenye kusema milele, ilitoka wapi, sababu unataka kuichora kwenye tablo ya ekspozisio yako, ile maonyesho ya michoro. Mwanzo yake siijue. Ninajua tu mahali niliiona kwanza.

Nilikuwa kijana wakati mudogo wangu Kalenga alitutoka. Mama aliomba jirani yetu, fundi wa kuandika namba kwenye mawago ya treni, aandike nyeke kwenye musalaba ya kaburi yake. Rangi ilikosa, akaandika na udongo mweupe. Mvua ikafuta yote. Mama akachukua udongo, akaandika tena na kidole, pole pole, sababu hakusoma sana. Kila mwaka mvua ilifuta, na yeye alirudia.

Siku moja jirani alileta kopo ya rangi ya mawago.

"Mama, hii haitoke na mvua. Tuandike mara moja, upumuzike."

Mama alishika ile kopo, akamurudishia.

"Aksanti, baba. Lakini ikibakia yenyewe, miye nitakuja kumufanyia nini mutoto wangu?"

Jirani alivua kofia. Akainama, akamutafutia udongo.

Toka siku ile, kwangu nyeke haikuwa tena neno ya padri kwenye misa peke yake. Weye uichore na rangi yenye kukupendeza. Tunakuombea.

Nkambo wako