Wimbo Ambao Shangazi Rosebellah Hakuupata

Al-Murabba,
Riyadh.
16 Februari 2025

Mpendwa dada Valary,

Pole sana. Je, unakula? Unalala? Mgongo wa baba unaendeleaje? Mimi ni mzima ila nimechoka, tunabeba saruji tangu alfajiri.

Kuja kumzika mama yako sitaweza. Nilimwomba kafili, mwajiri wangu, ruhusa, akasema, "Mafi," hakuna, akaondoka zake.

Namkumbuka shangazi akizunguka vijiji na kinasa sauti, akiandika kila wimbo na jina la mwenyewe. Na yale matamasha yake ya Agosti! Mbunge alipotaka kipaza sauti alimwambia, "Mheshimiwa, keti. Leo wewe ni msikilizaji."

Lakini ule wimbo wa babu wa kumsindikiza marehemu hakuupata. Unajua kwetu hauimbwi bila msiba, ukiuimba bure unaita kifo. Babu alinifundisha mimi tu, kwa kusimama naye matangani. Nilipokuja kuaga, shangazi alinibana jikoni kwenu, kinasa sauti mkononi. Nikamuuliza, "Shangazi, unataka nimuue nani?" Akacheka. "Basi nitangoja. Lakini siku ukiimba usinitilie chumvi. Ukisahau, sema umesahau." Akaacha ukurasa mtupu kwenye daftari lake, juu akaandika jina la babu.

Sasa msiba upo, na ni wake.

Wimbo ule hauendi bila waitikiaji, na chumbani kwangu hakuna mtu wa kwetu. Kwa hiyo Ijumaa nilipanda lori la kampuni hadi Jeddah, kwa rafiki yangu Frankline anayekaa Ghulail. Walikuja watu saba wa nyumbani. Tulifunga madirisha, tukaimba tumesimama, simu ikirekodi. Nililia, Valary, mpaka Frankline akanishika mkono.

Ubeti wa tatu ulinitoka. Sikubuni. Niliwaacha waitikie peke yao, kisha nikaendelea na wa nne.

Emily anayekuletea barua hii anayo memori kadi yenye wimbo. Mumpigie mama yako wimbo huo Jumamosi kaburini, kabla udongo haujashuka.

Nisalimie baba, na Miriam na wanawe. Mungu awashike siku hiyo, msianguke.

Jambo moja tu. Baada ya mazishi, fungua ule ukurasa, uandike maneno yote kwa mkono wako. Penye ubeti wa tatu usijaze kitu. Andika: Titus alisahau.

Ni mimi ndugu yako, nikupendaye,
Titus