Msumari Ndani ya Giaboksi

Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, na matope ya shamba la mkonge yamenifuata mpaka nyumbani. Ningesema nina hasira, lakini hasira ni neno la heshima mno. Nilichonacho ni dharau.

Leo nimelifungua giaboksi la foklifti, lile gari kuukuu la kunyanyulia marobota ya katani ghalani. Lilikuja kwetu likiwa limekwishachoka vitani. Tangu wiki iliyopita lina ugonjwa mmoja: ukilibebesha mzigo na kulipandisha kwenye mlango wa ghala, gia inaruka yenyewe, gari linarudi nyuma. Jumatatu lilirudi nyuma na robota juu, likabomoa nguzo. Mzee Shomari, dereva wake, aliruka akaumia goti. Siku ile ile akafukuzwa.

"Alisinzia," Bwana Miluzi akasema.

Bwana Miluzi ni mhandisi wetu wa Kizungu. Jina tumempa sisi, kwa kuwa hupiga miluzi kila afanyapo jambo asilolijua. Hupiga miluzi kutwa.

Basi nikaondoa kifuniko. Penye kishimo cha springi na gololi, vile vinavyoizuia gia isitoke mahali pake, sikukuta springi wala gololi. Nilikuta msumari. Msumari wa kupigilia mbao, umekatwa kwa msumeno, ukachomekwa na kupakwa grisi.

Msumari!

Hata aliyejifunza ufundi siku tatu angeona haya. Na aliyelifungua mara ya mwisho ni yeye Miluzi, Ijumaa ya wiki iliyopita, sisi tulipokwenda msikitini. Niliporudi nilimkuta ana mafuta hadi viwikoni, na springi iliyokatika imetupwa kwenye kopo la takataka.

Ndiyo, niliiona. Niandike ukweli hapa, maana hakuna mwingine asomaye. Niliiona springi ile, na Jumatatu Shomari alipofukuzwa nikatazama viatu vyangu. Nina mama mgonjwa pale Dunda, nina kazi ninayoihitaji. Sababu ziko tele, na zote zinanuka.

Nikauchukua msumari nikaenda barazani kwa Meneja. Miluzi alikuwapo, anakunywa chai.

"Bwana, Shomari hakusinzia," nikasema. "Gia ilikuwa inashikwa na huu."

Meneja akautazama msumari, akamtazama Miluzi. Wakasemezana kwa lugha yao. Miluzi akaiva uso kama pilipili, kisha akageukia bustani akaanza kupiga mluzi. Wallahi, alipiga mluzi!

"Unaweza kulitengeneza?" Meneja akaniuliza.

"Naweza."

"Litengeneze. Shomari arudi kazini Jumatatu."

Akamimina chai nyingine.

Nilichomoa springi na gololi kwenye lori bovu, nikaisugua springi kwa tupa mpaka ikaenea. Adhuhuri nikalipandisha foklifti na marobota mawili. Gia haikutikisika. Kazi ya saa tatu tu, na mtu mzima amelala siku tano na goti limevimba.

Alasiri nikaenda Mbegani. Nilimkuta mke wa Shomari akimkanda goti kwa maji moto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikampa habari huku nikitabasamu, kama mtu aliyeleta zawadi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Meneja amesema kosa si langu?"

"Hakusema. Amesema urudi."

"Na wewe, habari hii umeijua leo?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mdomo ulikuwa tayari.

"Springi niliiona Ijumaa ile, kabla hujaumia," nikamjibu.

Mkewe akaacha kukanda. Shomari hakupaza sauti, afadhali angenitukana.

"Kamwambie bwana wako atafute dereva mwingine," akasema.

Bwana wako. Hakusema bwana wetu.

Njia nzima ya kurudi nilijaribu kumtukana Miluzi moyoni, kama nilivyofanya wiki nzima. Matusi hayakutoka. Yule angalau ni mjinga. Mimi nilijua.

Jumatatu, watu wakikusanyika kuitwa majina, kabla sijashika spana, nitasema mbele ya wote nilichokiona kwenye kopo lile. Nikinyamaza tena, nisithubutu kumdharau mtu.